Alama za moto juu ya mugongo wa upanga

Upanga mumoja wa zamani unachungwa katika muzeo wa muji wa Fukuoka, kwenye kisiwa cha Kyushu, upande wa kusini-mangaribi ya inchi ya Japani. Chuma chake kina urefu wa sentimetre karibu 65, bila kuhesabu sehemu inayoingia ndani ya mupini. Serikali ya Japani imeuandika kati ya hazina za taifa, na watu wanauita Heshikiri Hasebe. Yule anayejua kidogo panga za Wajapani, akiutazama huu, anashangaa. Kwa desturi, weupe wa chuma kilichokazwa kwa moto na maji hukaa upande wa makali peke yake, kama mustari wa povu kwenye ukingo wa ziwa. Hapa weupe ule umetawanyika pote: uko kwenye makali, uko katikati kama visiwa, uko hata juu ya mugongo, mahali ambapo chuma kilipaswa kubaki laini.

Je, mufundi alikosea, ao alitaka hivyo? Swali hili si la wenye kupenda silaha peke yao. Upanga huu ulikatwa kwa nyuma ili ufupishwe, na mahali pa sahihi ya mufundi pakapotea pamoja na kipande kile. Shahidi mukubwa aliyebaki ni chuma chenyewe, na ndani ya chuma ni zile alama za moto. Tukizisoma vibaya, tunamunyanganya mutu aliyekufa kazi ya mikono yake, ao tunamupa mutu mwingine sifa isiyo yake. Tena kuna sababu nyingine inayotugusa sisi watu wa Kanisa: mumoja wa wale waliokuwa na upanga huu alikuwa Mukristu, na habari zake nazo zilifutwa nusu.

Moto, udongo na maji

Tuanze na kazi yenyewe, maana bila kuijua hatuwezi kuihukumu.

Chuma cha panga hizi kinatoka katika muchanga mweusi, wenye chuma ndani yake, unaopatikana hasa katika milima ya Izumo, ambayo leo ni mukoa wa Shimane. Wafundi wanauchoma muchanga ule pamoja na makala katika tanuru ya udongo inayoitwa tatara, muchana na usiku, siku tatu hivi. Kisha wanabomoa tanuru na kutoa bonge kubwa la chuma. Vipande vyake bora vinaitwa tamahagane. Mufua-chuma anavipasha moto, anavigonga, anakunja chuma juu yake chenyewe na kukigonga tena, mara nyingi, mupaka uchafu utoke na karboni ienee sawasawa. Karboni ndiyo inayofanya chuma kiweze kukazwa. Ikipungua mno, chuma kinabaki laini. Ikizidi, kinavunjika kama chungu. Kwa upanga uliokwisha kufuliwa, makali yana karboni karibu 0,6 ao 0,7 kwa mia.

Siku ya kuukaza, mufundi anaupaka upanga udongo uliochanganywa na unga wa makala na unga wa jiwe. Upande wa makali anaweka udongo mwembamba sana. Upande wa mugongo anaweka udongo munene. Halafu anangoja usiku, ao anaziba mwangaza wote, kwa sababu hana kipimo kingine cha joto isipokuwa rangi ya chuma katika moto, na rangi hiyo haionekani vizuri kwenye jua. Chuma kikifika rangi anayoitaka, ni kusema karibu degre 750 mupaka 800, anakizamisha katika maji mara moja.

Kitu gani kinatokea katika maji yale? Ndani ya moto mukali, karboni inaenea katikati ya chuma. Chuma kikipoa polepole, karboni inapata nafasi ya kujitenga na kujipanga upya, na chuma kinabaki laini, chenye kuvumilia mapigo. Kikipoa gafula, karboni inashikwa kama watu waliofungiwa mulango wakiwa bado ndani ya nyumba: haiwezi kutoka, inasukuma kila upande, na chuma kinakuwa kigumu sana. Basi makali, yenye udongo mwembamba, yanapoa gafula na kukazwa. Mugongo, uliovikwa udongo munene, unapoa polepole na kubaki laini. Mupaka kati ya sehemu hizo mbili unaonekana kisha upanga kusuguliwa kwa mawe. Wajapani wanauita hamon. Ukiutazama kwa karibu, unaona ama chembe zinazongaa kama nyota, zinazoitwa nie, ama ukungu mweupe ambao macho hayawezi kutenga chembe zake, unaoitwa nioi. Ni kitu kimoja: tofauti ni ukubwa wa chembe tu.

Tuongeze jambo moja, maana litatusaidia mbele. Chuma kilichokazwa kinataka nafasi kubwa kuliko chuma laini. Upande wa makali unarefuka kidogo, upande wa mugongo haurefuki, na upanga wote unajipinda kuelekea mugongo. Watu wengi wanazani kwamba upinde muzuri wa panga za Kijapani umefanywa kwa nyundo peke yake. Sivyo, kwa sehemu kubwa unazaliwa ndani ya maji. Fikirini mashaka ya mufundi: kazi ya siku nyingi inaamuliwa kwa nukta chache, na mara nyingine anasikia sauti ndogo kama ya kikombe kinachopasuka. Makali yamepata ufa, na kazi yote imepotea.

Mugongo uliokazwa

Sasa tunaelewa kwa nini weupe juu ya mugongo unashangaza. Kanuni yote ya kazi ilitaka makali yakate na mugongo uvumilie. Upanga mugumu pote ungekata vizuri siku ya kwanza na kuvunjika siku ya pili. (Muhubiri angepata hapa mafundisho tayari juu ya wakubwa wasiojua kupinda. Mimi napita, wafundi hawa hawakufua chuma kwa ajili ya mahubiri yetu.)

Wajapani wana jina la mugongo uliokazwa: muneyaki. Mune ni mugongo wa upanga, yaki ni kuchoma. Vile visiwa vya weupe vilivyotengana na makali wanaviita tobiyaki, ni kusema ukazo unaoruka. Na upanga ambao alama hizo zimeenea juu yake wote, toka makali mupaka mugongo, wanasema ni wa hitatsura, neno linaloonyesha kitu kilichojaa pote.

Alama ya mugongo inaweza kuzaliwa kwa njia mbalimbali. Mara nyingine ni ajali tu. Udongo unapasuka katika moto na kuanguka. Mahali pale chuma kinabaki uchi, maji yanakigusa, kinakazwa. Ao mufundi anazidisha moto, na hata chini ya udongo chuma kinakazwa pasipo yeye kutaka. Ajali ya namna hiyo inajionyesha yenyewe: ni doa moja, pengine upande mumoja tu wa upanga, lisilo na ndugu karibu nalo, juu ya upanga ambao kazi yake yote ilitafuta mustari mutulivu. Mwenye kuusugua analitambua na kusema: hapa moto ulimushinda.

Njia nyingine inatoka kwenye ncha. Mustari wa hamon ukifika kwenye ncha haukatiki pale. Unazunguka na kurudi nyuma juu ya mugongo. Marudio hayo yanaitwa kaeri. Kwa wafundi wengi ni mafupi. Lakini kwa wengine ni marefu, yanashuka juu ya mugongo, yanakatika, yanaonekana tena mbele, mupaka mutu hajui kaeri imeishia wapi na muneyaki imeanzia wapi. Hapa neno la ajali halitoshi tena, maana yule aliyepaka udongo wa ncha ni mufundi mwenyewe, kwa mukono wake.

Na mwishoni kuna wafundi waliotaka mugongo mweupe kwa mapenzi kamili. Hao tunawajua kwa majina na kwa wakati wao.

Wakati wa utawala wa Kamakura, uliovunjika mwaka 1333, wafundi wa panga walikusanyika katika muji ule, katika jimbo la Sagami. Kati yao alikuwako Shintogo Kunimitsu, na kisha yeye Yukimitsu na Masamune. Masamune ndiye mwenye jina kubwa kuliko wote. Alipenda moto mukali na chembe kubwa za nie, na kazi yake ilifungua mulango kwa wale waliofuata. Lakini hitatsura yenyewe ilikomaa kisha yeye, katikati ya karne ya 14 na baadaye, mikononi mwa Hiromitsu na Akihiro wa Sagami. Wakati uleule, huko Kyoto, watu wa shule ya Hasebe, hasa Kunishige na Kuninobu, walifanya kazi ya namna hiyo, wenye kaeri ndefu na mugongo uliojaa alama. Mapokeo yanamuhesabu Kunishige kati ya wanafunzi kumi wa Masamune. Hesabu ile ya kumi ilipangwa na watu wa baadaye, nayo inapendeza mno hata kuwa ya kweli yote; lakini ujamaa kati ya kazi za Hasebe na za Sagami unaonekana kwa macho.

Vitabu vingi vinapenda kusema kwamba mabadiliko yote ya panga katika nyakati zile yalitoka kwa vita vya Wamongoli, waliofika pwani ya Kyushu mwaka 1274 na tena mwaka 1281. Kwa habari ya hitatsura, maelezo hayo hayanitoshi. Toka vita ya pili ya Wamongoli mupaka kazi za Hiromitsu imepita miaka karibu 70. Mutoto aliyezaliwa siku ile alikuwa muzee. Vita iliyokuwa karibu na wafundi hawa ni nyingine: ni vita ya wenyewe kwa wenyewe kati ya nyumba mbili za kifalme, ya kaskazini na ya kusini, toka mwaka 1336 mupaka 1392. Wakati ule watu walipenda panga kubwa, pana, ndefu, na chuma chake chembamba.

Wembamba huo ni neno la kushika. Chuma chembamba kinapoa upesi, hata kikivikwa udongo. Basi mufundi wa karne ya 14, akifua upanga mupana na mwembamba na kutumia moto mukali wa Sagami, alikaribia sana mahali ambapo mugongo unakazwa wenyewe. Nazani hitatsura ilianza hivyo: mara ya kwanza ajali, mara ya pili mufundi akaitazama kwa furaha, mara ya tatu akaipangia udongo. Hilo ni wazo langu. Lakini ya kwamba mwishoni walipanga, hapo hapana wasiwasi. Hiromitsu na Akihiro waliacha panga zenye sahihi na mwaka, na juu ya nyingi tunaona mambo yaleyale: visiwa pande zote mbili, mugongo mweupe kwa urefu, vyote vikijibizana na mawimbi ya makali. Ajali hairudi kila mwaka kwa mutu yuleyule, mahali palepale, kwa uzuri uleule.

Lakini kwa nini kujitia katika hatari? Kwa maana hatari ilikuwa kweli. Chuma kikikazwa pande zote mbili, mugongo nao unataka kurefuka, na unavutana na makali. Upinde unapungua. Ufa unaweza kuingia. Mufundi akiona upinde haukutosha, anaweza kuuongeza kwa kuweka mugongo juu ya kipande cha shaba kilicho chekundu kwa moto, halafu kuupoza. Lakini kwa upanga wa muneyaki dawa hiyo inalegeza ukazo uleule alioutafuta. Mutu hajifungi mikono namna hiyo pasipo sababu.

Wengine wanasema sababu ni nguvu: upanga mupana na mwembamba unapinda upesi katika vita na kubaki umepinda, na visiwa vya chuma kigumu juu ya ubavu na mugongo vinausaidia kurudi. Neno hilo lina akili ndani yake, maana chuma kilichokazwa hakipokei kwa urahisi upinde wa kudumu. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi za Hiromitsu na Akihiro tulizo nazo ni visu vipana na panga fupi, ambavyo havina lazima ya msaada ule. Kisu kifupi hakipindi. Kwa hiyo nasadiki kwamba nguvu si sababu yote. Waliutafuta uzuri, na pengine walitaka pia kuonyesha wenzao kwamba wanaweza kufika karibu na kuvunjika bila kuvunjika. Tusiwacheke. Mufundi wa vita naye ana macho.

Waliofuata waliiga. Katika karne ya 16, Tsunahiro wa Odawara alifanya hitatsura kwa ajili ya mabwana wa jamaa ya Hojo, na tunaikuta pia kwa wafundi wa Shimada na mara nyingine kwa Muramasa wa Ise. Kati ya hizo kuna kazi nzuri, lakini mara nyingi alama zimekuwa mapambo yanayopangwa kwa zamu, kama maua ya kitambaa. Moto wa Hiromitsu haumo tena.

Elimu ya nyakati zetu imesema neno lake pia. Profesa Tawara Kuniichi, wa chuo kikubwa cha Tokyo, alikata panga za zamani na kuzitazama kwa darubini, na kitabu chake kikubwa juu ya panga za Kijapani kilitoka mwaka 1953. Yale ambayo wasuguaji waliyajua kwa macho na kwa vidole, yeye aliyaonyesha ndani ya chuma chenyewe.

Upanga wa Simeoni

Turudi sasa kwa Heshikiri. Jina hilo linatoka katika kisa cha Oda Nobunaga, bwana wa vita aliyezaliwa mwaka 1534 na kuuawa mwaka 1582, aliyeanza kuunganisha Japani kwa mukono wa chuma. Wanasimulia kwamba mutumishi mumoja wa chai, jina lake Kannai, alimukosea bwana wake, akakimbia na kujificha chini ya kabati la vyombo. Nobunaga hakuwa na nafasi ya kuinua upanga. Aliuingiza chini ya kabati na kuusukuma tu, na upanga ukakata. Heshikiri maana yake ni kukata kwa kusukuma. Kisa hicho kinasifu makali ya upanga. Juu ya mwenye upanga kinasema mengine.

Hata hivyo Nobunaga huyohuyo alikuwa rafiki wa wamisionari. Mutakatifu Fransisko Ksaveri alifika Japani mwaka 1549. Miaka 20 baadaye, mwaka 1569, Padri Luís Fróis, Muyezuiti wa Ureno, alisimama mbele ya Nobunaga huko Kyoto akapata ruhusa ya kufundisha. Fróis aliandika mengi juu ya desturi za Wajapani, na katika kijitabu chake cha mwaka 1585, kinacholinganisha mambo ya Ulaya na ya Japani, kuna sura nzima juu ya silaha. Mwaka 1580 Nobunaga aliwapa Wayezuiti kiwanja huko Azuchi, karibu na ngome yake, na pale wakafungua seminari. Kati ya wanafunzi wa kwanza alikuwako Paulo Miki, aliyekufa musalabani huko Nagasaki, tarehe 5 Februari 1597, pamoja na wenzake 25. Kanisa liliwaandika kati ya watakatifu mwaka 1862. Sisi tuliokaa miaka mingi kwenye viti vya seminari, tukumbuke ile ya Azuchi.

Ndugu musomaji atanivumilia nikiongeza kwamba Mwafrika mumoja aliingia katika nyumba hiyohiyo. Mwaka 1581 Padri Alessandro Valignano, mukaguzi wa misioni, alifika Kyoto pamoja na mutu mweusi ambaye Wajapani walimuita Yasuke. Padri François Solier aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Mosambiki. Nobunaga alimutazama kwa mushangao, akamutaka kwa Valignano, akamuweka kati ya watu wake. Na nakala moja ya habari za Nobunaga inasema alimupa nyumba, posho, na upanga mufupi. Mwaka uliofuata, siku ya kifo cha Nobunaga, Yasuke alipigana, akashikwa, akarudishwa kwa mapadri.

Wakati ule Heshikiri ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwa Nobunaga. Kadiri ya mapokeo ya jamaa ya Kuroda, aliutoa mwaka 1575 kwa Kuroda Yoshitaka, kijana mwenye akili nyingi katika mambo ya vita, aliyekuja kwake kama mujumbe wa bwana mudogo wa mangaribi. Masimulizi mengine yanasema ulipitia kwa Hideyoshi. Namna yoyote, ukabaki kwa Wakuroda.

Yoshitaka huyo alibatizwa karibu mwaka 1585. Takayama Ukon, aliyeitwa Yusto kwa ubatizo, ni kati ya wale waliomuvuta. Ndiye yule aliyefukuzwa Japani mwaka 1614, akafa Manila mwaka 1615, na Kanisa likamutangaza mwenye heri mwaka 2017. Yoshitaka alipata jina la Simeoni. Alikuwa na muhuri wenye herufi za Kilatini, Simeon Josui, Josui likiwa jina alilojipa alipotoka katika utawala. Mwanawe Nagamasa alibatizwa pia, kwa jina la Damiani. Mwaka 1587 Hideyoshi alitoa amri ya kuwafukuza mapadri. Simeoni hakuikana imani. Alikufa mwaka 1604, na barua za Wayezuiti zinasimulia kwamba alizikwa kwa ibada ya Kikristu huko Hakata. Mwana hakufuata mwisho wa baba. Kisha mwaka 1614 Tokugawa walikataza dini yetu katika inchi nzima, na Nagamasa, bwana wa Chikuzen, alikuwa amekwisha kuiacha. Kwa jamaa kubwa ya watawala, babu Mukristu akawa neno la hatari, lisilosemwa kwa sauti.

Si watu peke yao waliopotelewa na ushuhuda. Mwaka 1615 ngome ya Osaka iliteketea, na hazina ya panga ndani yake. Moto wa nyumba unafanya kinyume cha moto wa mufundi: unapasha chuma, chuma kinapoa polepole ndani ya majivu, na ukazo wote unafutika. Makali, visiwa, mugongo, vyote vinakuwa chuma laini. Tokugawa walimuita mufundi Yasutsugu wa Echizen, naye akazikaza upya nyingi za panga zile maarufu. Zinapendeza. Lakini alama tunazoziona juu yake ni alama za Yasutsugu. Za mufundi wa kwanza hazitarudi kamwe. Ndiyo maana mwenye kuhukumu upanga anauliza kwanza kama ulipita katika moto wa pili.

Heshikiri haukupita humo, na kwa hiyo unaweza kusema. Waliousikiliza ni watu wa jamaa ya Hon'ami wa Kyoto, waliorithishana vizazi kwa vizazi kazi ya kusugua panga na kuzitambua. Mbele yao kulikuwa na upanga usio na sahihi, umekatwa kwa nyuma. Waliona chuma kipana cha karne ya 14. Waliona hitatsura. Waliona mugongo mweupe kwa namna ya Hasebe, si kwa namna ya Sagami. Wakakata neno: ni Kunishige. Mutu wa siku hizi anaweza kuzani kwamba hayo ni ubashiri. Mimi naona ni ushuhuda wa haki, sawa na ule wa mwana-historia anayetambua mwandishi wa barua kwa mukono wake, ingawa karatasi imepasuka mahali pa jina. Na ushuhuda huo usingewezekana kama watu wa mbele wangalihesabu muneyaki kuwa kosa, wakausugua mupaka upotee, ao wakautupa upanga kama kazi iliyoharibika.

Mwaka 1876 serikali mupya ya Japani ilikataza watu kuvaa panga. Kisha kushindwa kwao mwaka 1945, askari wa Marekani walikusanya panga nyingi sana, na nyingine ziliharibiwa. Lakini wajuzi walifaulu kuwaonyesha Wamarekani tofauti kati ya silaha ya kawaida na kazi ya sanaa, na mwaka 1948 shirika likaundwa kwa kuzilinda. Tanuru ya tatara iliwashwa tena huko Shimane mwaka 1977, ili wafundi wa leo wapate chuma cha kufaa.

Hukumu ya Hon'ami iliandikwa kwa zahabu juu ya shina la Heshikiri, sehemu ile inayofichwa ndani ya mupini. Upande mumoja mutu anasoma jina la Hasebe Kunishige na alama ya Hon'ami. Upande wa pili anasoma cheo cha mwenye upanga, Kuroda Chikuzen no Kami, ni kusema Nagamasa. Jina la Simeoni halimo. Linasomwa katika muhuri wake na katika barua za mapadri.